Nauza vito mtandaoni kwa masonara, wananunua mara moja hawarudi. Nakosea wapi?

KaratiMoja

Wakuu habari zenu. Naomba mnivumilie nimeandika ndefu, jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Nina kaduka kadogo ka mtandaoni nauza vito vilivyokatwa tayari, sasa ni miezi kumi. Siuzi kwa watu wa kuvaa, nauza kwa masonara na wale wanaotengeneza hereni na mikufu kwa mikono nyumbani kwao. Niliwachagua hao makusudi, niliona mtu wa kuvaa ananunua pete moja anakaa nayo miaka, fundi yeye anahitaji mawe kila wiki. Kichwani hesabu ilikaa vizuri kabisa.

Sasa kwenye kazi yenyewe ndo nashangaa. Oda ya kwanza inakuja vizuri, mtu anachukua ametisti sita, ganeti kumi, ananishukuru, alafu kimya. Nimehesabu jana usiku, wateja 43 wamewahi kununua, waliorudi mara ya pili ni 5. Na vinavyorudishwa navyo vinaniumiza, sababu ni zile zile, rangi sio kama ya kwenye picha, jiwe halikai kwenye pete. Na mmoja alinunua tanzanite akasema imepasuka akiwa kazini, anadai nilimuuzia bovu. Hela nilimrudishia lakini roho iliniuma maana lilitoka kwangu zima, picha ninazo.

Jinsi ninavyofanya: nanunua mawe kwa mafungu yaliyochanganywa, nachambua, napiga picha usiku nikitoka kazini, chini ya taa juu ya kitambaa cheupe, naandika mfano "Ametisti nzuri ya asili, karati 0.85, rangi ya kuvutia". Bei zangu sio kubwa, nimelinganisha na wengine.

Nifikirie kushusha bei zaidi au niongeze aina za mawe? Au watu wa hii kazi ndo walivyo, hawana muuzaji wa kudumu?

FundiPete

Mkuu mimi ni sonara, niko upande wa pili wa hiyo meza yako, acha nikwambie tunavyoona huku.

Bei usiiguse kwanza. Nimesoma hayo maelezo yako ya ametisti mara mbili nikitafuta milimita sijaziona. Karati 0.85 mimi inanisaidia nini? Karati ni uzito, karati moja ni gramu 0.2 basi, hainiambii jiwe litakaa wapi. Mimi nina pete nimeshaimimina, ina nafasi ya jiwe la mviringo la milimita 6, au la yai la 7 kwa 5. Jiwe likija 6.3 halingii, nikitaka liingie nichonge chuma mpaka makucha (vile vidole vya chuma vinavyoshika jiwe) yabaki membamba kama nywele, mteja wangu anarudi baada ya miezi miwili jiwe limedondoka njiani na analia maana ilikuwa pete ya uchumba. Likija 5.7 linacheza. Tofauti ya 0.1 naimudu, nasukuma chuma kidogo tunaenda. 0.3 umeniharibia siku nzima.

Na uzito unadanganya zaidi ukibadilisha aina ya jiwe. Safaya ni nzito, ujazo uleule wa ametisti na safaya, safaya inazidi kama mara moja na nusu, maana kwazi (hiyo ametisti, sitrini, wote ni jamii yake) uzito wake ni mara 2.65 ya maji na safaya ni kama mara 4. Kwahiyo mtu aliyezoea kununua safaya za karati moja akija kwako akachukua ametisti ya karati moja anategemea udogo fulani, anafungua parseli anakuta jiwe kubwa kuliko pete. Hajakuambia kitu, amekasirika kimoyomoyo tu akaondoka.

Kitu kingine hakuna anayeandika na mimi nakitafuta kila siku ni kina. Urefu kwa upana nimeona, kutoka juu mpaka kwenye ncha ya chini je? Jiwe la milimita 6 lenye tumbo kubwa likikaa kwenye pete nyembamba ncha yake inagusa kidole. Nimewahi kulazimika kuinua pete nzima juu kwasababu ya tumbo la ganeti. Ukiniandikia 6.0 x 6.0 x 3.9 nakuheshimu kabla hata sijaliona.

Nitarudi kuhusu hiyo tanzanite, hapo nina neno.

KaratiMoja

Asante sana mkuu. Kiukweli kina sijawahi kupima hata siku moja. Nina rula tu na mizani.

Bi_Shanga

Mwanangu nunua kalipa ya dijitali leo hii, kile kifaa cha kubana kitu na kukipima kwa sehemu za milimita. Rula ni ya daftari.

Mimi nauza shanga za mawe na vito vya kuning'iniza, wateja wangu ni kinamama na mabinti wanaosuka waya, nina miaka tisa humo. Aliyosema fundi ni kweli kwa masonara, kwa wasukaji ongeza tundu. Shanga inaweza kuwa nzuri kuliko zote duniani, kama tundu ni dogo waya haupiti haina kazi. Mimi kila utepe wa shanga nikifungua napitisha waya wa milimita 0.5 kwenye shanga kadhaa, ukikwama najaribu wa 0.4, nikishajua naandika "unapita waya wa 0.5" au "wa 0.4 tu". Lulu ndo mbaya zaidi, zinatobolewa vitundu vidogo mno kupunguza uzito unaopotea, mtu asipojua anakata tamaa. Tangu nianze kuandika hivo sipati tena malalamiko ya tundu.

Sasa picha. Taa ya usiku ndo inakurudishia mawe, sio wateja wabaya. Taa nyingi za ndani ni za njano, simu nayo inajaribu kusahihisha yenyewe, hapo rangi inachezewa mara mbili. Piga mchana, karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, siku ya mawingu ndo nzuri kuliko zote. Weka karatasi ya kijivu chini badala ya kitambaa cheupe, nyeupe inafanya simu ipunguze mwanga jiwe linaonekana jeusi, ukaja kuongeza mwanga baadae rangi ikapauka. Na usiguse ile sehemu ya kuongeza ukali wa rangi, hata kama linakuwa zuri, hasa kama linakuwa zuri.

Alafu piga moja ukiwa umelishika kwa vidole. Watu wanapima kwa macho kwa kulinganisha na kidole, huwezi kuwabadilisha. Na video fupi ukiligeuza geuza. Picha moja inaficha, video haifichi.

Kuna mawe rangi yake inategemea mwanga hata ufanye nini. Tanzanite mchana ina bluu zaidi, chini ya balbu ya njano inavuta zambarau. Aleksandrite ndo kabisa, mchana kijani, kwenye balbu nyekundu. Hayo piga mara mbili na uandike picha ipi ni ya mwanga upi.

Halafu hili la muhimu kwangu kuliko yote, je mtu akitaka tena unalo? Mimi nikitengeneza hereni nzuri nikaziuza, mteja wangu anasema nataka kama hizo kumi, naenda kwa muuzaji ananiambia zimeisha ilikuwa fungu moja. Sirudi, sio kwa hasira, ni kwamba siwezi kujenga kazi juu yake. Wewe unanunua mafungu ya kuchanganya, kila wiki duka lako ni jipya. Kwa anayetengeneza hiyo ni shida.

Mkata_Vito

Nakubaliana na wote wawili nachangia upande wa mkato maana ndo kazi yangu.

Mafungu ya kuchanganywa ya bei rahisi mara nyingi yamekatwa kulinda uzito. Mkataji analipwa kwa karati zinazobaki kwahiyo anaacha tumbo kubwa chini ambalo halionekani ukiangalia juu, au kinyume chake anakata bapa sana lionekane pana. Likiwa bapa ndo unapata lile "dirisha", ukiliweka juu ya gazeti unasoma maandishi kupitia katikati ya jiwe. Mwanga badala ya kugonga chini ukarudi machoni unapita moja kwa moja. Kwazi inahitaji nyuso za chini ziwe na pembe inayozidi digrii 40 na kitu hivi, safaya inamudu hata chini ya hapo, kama 34 na nusu ndo mpaka wake, kwasababu inapinda mwanga zaidi. Kwahiyo mtu akikata ametisti kama anakata safaya, dirisha lazima.

Sasa wewe kama muuzaji huna haja ya kupima pembe. Weka jiwe juu ya karatasi yenye maandishi, angalia. Chambua makundi mawili. Yenye dirisha uza kwa bei ya chini na useme yana dirisha, kuna watu watayachukua kwa kazi za bei nafuu bila kulalamika. Kinachokuua ni kuyachanganya na mazuri kwa bei moja, mteja anapata manne mazuri na mawili mabovu, anayakumbuka mawili.

Na angalia mkanda, ule mstari wa katikati ambapo juu na chini vinakutana. Ukiwa mwembamba kama wembe sonara akikandamiza kucha linameguka. Ukiwa mnene sana kucha halifiki. Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inatosha kabisa, hii na kalipa ndo vifaa vyako viwili vya kwanza, kabla ya tangazo lolote la kulipia.

Usisahau hesabu ya makapi. Ukinunua mawe 100 na 30 hayafai, gharama yote igawe kwa 70. Wengi wanagawa kwa 100 wanajiona wana faida mpaka mwisho wa mwaka wanashangaa hela ilienda wapi na makapi yamejaa kwenye kopo.

Jiwe_Moja

Naomba nipingane kidogo na Bi_Shanga kwa heshima zote. Sio kila duka lazima liwe na vipimo vya kawaida na stoku ya kurudia. Mimi nauza jiwe moja moja tu, yale ya ajabu ajabu, agati zenye mistari, tomalini ya rangi mbili, kwazi zenye nyuzi ndani. Wateja wangu ni mafundi wa kubuni ambao wanaanza na jiwe alafu ndo wanachora pete. Hao ukiwapa 7 kwa 5 zinazofanana hawakuangalii mara mbili. Na wanarudi kwangu vizuri tu.

Ila nakubali kitu kimoja, kila jiwe langu linahitaji picha zake, video yake, vipimo vyake, maelezo yake. Nikiweka mawe 10 ni kazi ya siku nzima. Anayeuza ganeti za milimita 4 anapiga picha moja anauza 200. Kwahiyo mkuu KaratiMoja chagua uko wapi. Naona sasa hivi una mawe ya mtu wa kwanza na unayaeleza kama mtu wa pili, au kinyume, sijui nisemeje, ila uko katikati na katikati hamna mtu.

Bi_Shanga

Jiwe_Moja hapo umesema kweli, sikufikiria hao wa kubuni. Lakini huyu ameanza na ametisti na ganeti ndogo ndogo. Hizo hazina maana kama hazifanani.

FundiPete

Nimerudi. Tanzanite.

Mkuu, wewe hukumuuzia bovu naamini, na yeye labda hakuharibu kwa uzembe. Tanzanite ina ugumu kati ya 6 na 7 hivi kwenye kipimo cha Mohs kinachoishia 10, na ina upande mmoja ambao inapasuka safi kabisa ikipata mshtuko, na haipendi joto la ghafla. Sonara aliyezoea rubi na safaya anaweza kuchomelea pete jiwe likiwa ndani, rubi safi inavumilia, yeye anafanya hivyo hivyo kwa tanzanite, au anaitoa kwenye joto anaitia kwenye maji, au anaiweka kwenye ile mashine ya kusafisha kwa mtetemo. Tak. Imekwisha.

Jiwe lenyewe lina umri mdogo kwenye biashara, limegunduliwa 1967 kule Mererani na hakuna sehemu nyingine duniani linapochimbwa, kwahiyo kuna mafundi wazuri tu hawajawahi kulishika. Je wewe ulimwandikia chochote? Kama hukuandika, kosa sio la jiwe ila mwenye kujua alikuwa wewe, ndo maana mimi ningekurudishia lawama hata kama sio haki sana.

Andika mstari mmoja kila jiwe: linavumilia moto au hapana, linavumilia mtetemo au hapana. Zumaridi hapana na hapana, karibu zote zimepakwa mafuta kujaza nyufa, ukiipasha mafuta yanatoka nyufa zinaonekana zote. Opali hapana na hapana, ina maji ndani yake. Lulu usiikaribie. Topazi ina ugumu wa 8 watu wanaidharau lakini nayo inapasuka upande mmoja ikigongwa vibaya. Ganeti na ametisti usizipashe haraka, ametisti ikipata joto kubwa rangi inabadilika, sitrini nyingi za sokoni ni ametisti zilizochomwa tu.

Na huo ugumu usiuchanganye na uimara. Mohs alipanga namba zake mwaka 1812 kwa kuangalia kipi kinakwaruza kipi, basi. Vumbi la kawaida lina chembe za kwazi ambazo ni 7, kwahiyo chochote chini ya 7 kwenye pete ya kila siku kitafifia uso kwa kufutwa tu na kitambaa. Florite ni 4, apatite ni 5, nzuri kwenye hereni, kwenye pete ni majuto. Mwambie mnunuzi wako, usimwachie akagundue.

Sasa la mwisho na hapa naongea kwa uchungu. Nilinunua rubi mtandaoni, kubwa, nyekundu, safi, bei ya kushangaza. Imeandikwa "rubi ya asili". Nikaiweka kwenye pete ya mteja wa miaka mingi, nikachomelea, nikaitumbukiza kwenye asidi ya kusafishia kama kawaida. Ilitoka na mikwaruzo kama barabara ya udongo baada ya mvua. Ilikuwa rubi ya hali ya chini imejazwa kioo chenye risasi, kioo kikaliwa na asidi. Kioo kile hata ndimu inakiharibu. Kweli ilitoka ardhini, muuzaji hakusema uongo neno kwa neno, ila alichonyamaza ndo kilinigharimu. Pete nilitengeneza upya kwa hela yangu, mteja yule nilimpigia mwenyewe nikamweleza. Hizo mkuu zikiangaliwa kwa lenzi unaona viputo ndani na mwanga wa bluu ukiligeuza. Ungeniambia imejazwa kioo ningeiweka kwenye kidani bila moto na tungebaki marafiki.

Mkata_Vito

Hapo kwenye kusema ukweli naongeza majina. "Topazi ya moshi" nyingi ni kwazi ya moshi tu. "Opalaiti" ni kioo. Feruzi ya bei rahisi mara nyingi ni haulaiti, jiwe jeupe la bei rahisi, imetiwa rangi, chukua pamba yenye asetoni futa sehemu isiyoonekana, pamba ikitoka na bluu umejua. Topazi ya bluu karibu yote ilikuwa haina rangi ikapigwa mionzi na kupashwa joto, haina shida yoyote na rangi haitoki, lakini iandike.

Kuchanganya majina ni ugonjwa wa zamani, lile jiwe jekundu kubwa la mbele kwenye taji la Uingereza linaloitwa rubi ni spineli, aina nyingine kabisa ya jiwe, wafalme wamelivaa karne na karne. Na rubi za maabara sio kitu kipya, njia ya Verneuil ya kuyeyusha unga na kukuza jiwe ilitangazwa mwaka 1902, kwahiyo hata jiwe la pete ya bibi linaweza kuwa la maabara. Jiwe la maabara sio jiwe la kuiga, ni rubi kwa kila kitu isipokuwa ilipozaliwa, wako mafundi wanalitaka hilo hilo. Andika tu "la maabara".

Kama wewe mwenyewe hujui jiwe limefanywa nini, muulize aliyekuuzia, asipokujibu andika kwamba huna uhakika kama limepashwa joto. Mimi mtu akiniandikia hivo namwamini kwa mengine yote. Cheti cha maabara ya kupima vito kama GIA ya Marekani usipoteze hela kwa ametisti, peleka jiwe ambalo bei yake inabeba gharama ya cheti.

KaratiMoja

Wakuu mmenipa kazi na nimeifanya. Nimeazima kalipa kwa fundi wa mashine, nimekaa siku mbili.

Nina ametisti 64 ambazo niliziita zote "milimita 6". Ndogo kabisa ni 5.68, kubwa 6.41. Zilizo kati ya 5.9 na 6.1 ni 27 tu. Nimeziweka juu ya gazeti kama alivosema Mkata_Vito, katika hizo 27 zenye dirisha ni 8. Nimebaki na 19 ambazo naweza kumwangalia mtu usoni nikasema hizi ni za kufanana. Nimeumia lakini bora nimejua. Nilikuwa nataka kununua fungu lingine wiki ijayo nimesitisha.

Maswali matatu. Kwanza, mtu akirudisha jiwe nitajuaje ni lile lile langu? Pili, mnafungashaje? Mimi naweka yote kwenye kimfuko kimoja. Tatu kuna mtu ananiuzia marijani nyeusi na almasi ambazo hazijakatwa, nichukue?

Jiwe_Moja

La kwanza: pima uzito mpaka namba mbili baada ya nukta, 1.37 sio 1.4. Piga picha kwa lenzi alama za ndani, kila jiwe la asili lina alama zake kama alama za vidole, viputo, nyuzi, ufa mdogo. Hifadhi na namba ya jiwe. Likirudi linganisha. Nimewahi kurudishiwa jiwe jingine kabisa, yule mtu nilimtumia picha mbili pembeni kwa pembeni bila tusi lolote akatuma langu. Na masharti yako yaandike wazi, linarudi ndani ya siku kadhaa likiwa halijawekwa kwenye pete wala kupashwa moto.

Bi_Shanga

Yote kwenye kimfuko kimoja jamani! Jiwe gumu linakwaruza laini, safaya na apatite kwenye mfuko mmoja safari nzima zikitikisika, apatite inafika imechoka. Kila jiwe kikopo chake chenye sponji, au karatasi ya kukunja ile ya vito, kundi la aina moja mviringo ndogo ndogo zinaweza kukaa pamoja zikiwa zimebanwa zisicheze. Juu ya bahasha usiandike "vito", andika kwenye fomu ya forodha kitu cha ukweli kama inahitajika lakini bahasha nje iwe ya kawaida. Na soma masharti ya msafirishaji, wengi hawafidii vito hata ukilipia bima yao ya kawaida, utajua siku parseli imepotea.

Mkata_Vito

La tatu: achana navyo kwa sasa. Marijani nyeusi ipo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuivusha mpaka bila kibali ni kosa. Gamba la kasa ndo kabisa usiguse. Almasi ambazo hazijakatwa zinavuka mipaka kwa cheti cha Mchakato wa Kimberley, ule mpango wa nchi wa kuzuia almasi zinazofadhili vita, ulioanza kazi 2003, mtu anayekuletea bila makaratasi anakuletea matatizo. Una ametisti 19, anza na hizo.

FundiPete

Mkuu na yule wa tanzanite mwandikie. Sio kuomba arudi kununua, mwambie tu ulichojifunza kuhusu moto na mtetemo na kwamba ungepaswa kumwambia mapema. Mimi yule wa rubi angeniandikia hivo ningemjibu.

KaratiMoja

Nimemwandikia jana jioni. Nimefuta pia maelezo yote ya zamani dukani, nimerudisha mawe 19 tu, kila moja na milimita tatu, picha za dirishani asubuhi, na mstari wa moto.

Amejibu leo. Amesema kweli alikuwa anachomelea, hakujua. Alafu ameuliza nina ganeti ngapi za mviringo milimita 4 zinazofanana rangi, anahitaji 20 kwa ajili ya bangili, na kina kisizidi 2.5. Nimekaa nazipima hapa, nimefika 25, tatu mkanda wake ni mwembamba sana nimeziweka pembeni. Nimtumie 20 kamili au nimwekee na mbili za ziada kama moja itavunjika kazini?

FundiPete

Mtumie 22. Zile mbili ziandikie "za akiba, zisipotumika zirudishe". Na hizo tatu za mkanda mwembamba usizichanganye hata kidogo.